Mawe Arobaini na Moja ya Jumapili

Saa ya mnarani ya kijiji cha Chunkanul iliangushwa na wazee mwaka walipogawiwa ardhi, na hakuna aliyeililia. Ilikuwa saa ya bwana mwenye shamba. Ililia alfajiri kuwaita watu wakakate mkonge, ikalia tena jioni kuwahesabu, na aliyekosekana alijibu kwa mgongo wake. Tangu ilipoanguka, wiki ya Chunkanul hupimwa kwa vyungu. Jumatatu ni maharage meusi na nyama ya nguruwe. Katikati ya wiki, kila mtu na alichojaliwa. Na Jumapili asubuhi watu hubeba bakuli zao kwenda uani kwa akina Cauich kula kochinita, nguruwe wa kuzikwa shimoni. Hakuna anayeuliza kama itakuwapo, kama vile hakuna anayeuliza kama Jumapili yenyewe itakuwapo.

Mwenye ua huo ni Nidelvia Cauich, mjane wa miaka hamsini na minane, mfupi, mpana, mikono imemwiva wekundu hadi viwikoni kwa kusaga mbegu nyekundu za achiote tangu usichana wake. Kila Jumamosi huisugua nyama ya nguruwe kwa rojo hilo jekundu na maji ya machungwa makali, huifunga kwa majani ya migomba, na jioni huizika ndani ya shimo lenye mawe ya moto. Inalala huko usiku kucha. Kukicha, inafukuliwa ikiwa laini kiasi kwamba hata asiye na jino anaila. Mdogo wake, Wilberth, ndiye mchimbaji, mpasua kuni na mwasha moto. Ndugu huyo ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano, na katika miaka yote hiyo watu wamesema, "Twende kwa Nidelvia." Hakuna aliyewahi kusema, "Twende kwa Wilberth."

Mawe ya shimo lile ni arobaini na moja. Siku bwana alipokimbia, wengine walivunja ghala wakabeba sukari na vitambaa, na walikuwa na haki. Babu yao, Gaspar Cauich, alichukua mtaimbo akaenda kwenye jukwaa la mawe lililokuwa uani kwa bwana, pale watu walipofungwa wakachapwa. Akalibomoa jiwe baada ya jiwe. Kisha akayajaribu kwa moto. Yaliyopasuka aliyatupa, yaliyovumilia aliyabeba nyumbani kwa mgongo uleule uliochapwa juu yake. "Yametula sana," alisema. "Sasa yatatulisha." Kubwa kuliko yote, lenye tundu lilimokuwa pete ya chuma ya kufungia mikono, alilikalisha katikati ya shimo, na kwa dhihaka wakaliita Mnyapara.

Na babu huyo aliacha desturi moja. Kabla ya koleo la kwanza la udongo, kila atakayefukia hutamka lililo moyoni mwake dhidi ya yeyote aliyepo. Kama hana, husema, "Sina neno." Miaka mingi walifungwa midomo, basi kwenye shimo lile hakuna kufunga mdomo. Gaspar alikuwa akisema, "Ardhi haipiki uongo."

Basi miaka mitatu iliyopita nyumba ya bwana ilinunuliwa na watu wa mji mkuu, ikawa hoteli. Jukwaa la viboko lilipokuwa, sasa pana bwawa la kuogelea, na kibao cha langoni kinasema kwamba nyumba hii ni makao ya utulivu tangu enzi. Kumbukumbu ya matajiri ni kama chujio: uchungu wote hubaki juu, wao hunywa kilichopita. Wilberth aliajiriwa humo kukata nyasi. Miezi miwili baadaye wakamvalisha koti jeupe lililotariziwa kifuani, Mpishi wa Jadi, akaanza kwenda nalo hata kanisani.

Jumamosi tunayoisimulia, Nidelvia alikuwa jikoni akifunga nyama, na Wilberth alikuwa uani na moto wake, kama siku zote. Nidelvia alipotoka na furushi la kwanza, kuni zilikuwa zimeshuka kuwa makaa. Akasimama ukingoni. Ndipo shimo likalia, pa! Kipande cha jiwe kikaruka kikaangukia karibu na kidole chake cha mguu.

Mawe ya Gaspar hayajawahi kupasuka tangu Nidelvia azaliwe.

Aliangalia chini. Kwa majivu na masizi, mawe yote yalikuwa meusi kama kawaida. Lakini pale lilipopasuka moja, ndani palikuwa peupe kama chaki, jiwe jipya ambalo halijaona hata Krismasi moja. Na katikati, mahali pa Mnyapara, palikuwa na jiwe kubwa lisilo na tundu.

Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama kisima.

"Kuni zilikuwa na unyevu," Wilberth akasema.

"Kuni ndizo zinazopasuka siku hizi?"

"Ah, Dada, jiwe moja tu. Hata watu wazima wanapasuka."

Mzee Eleuterio, fundi baiskeli wa jirani, ambaye huja kila Jumamosi kusaidia kufukia ili Jumapili apewe ngozi iliyobanikwa, akacheka. "Mwacheni Mpishi wa Jadi. Siku hizi mawe yanamwogopa, yanaona koti."

"Mzee, wewe shika koleo lako."

"Nimelishika tangu hujazaliwa, bwana koti."

Nidelvia alikuwa ameelewa kila kitu. Ijumaa alikuwa ameenda mjini sokoni, akarudi na kukuta alama pana za magurudumu uani. Alidhani ni gari la maji. Sasa alijua mawe yako wapi, na aliyeyabeba ni nani, na kwamba hoteli nayo ilikuwa imechimba shimo. Angeweza kusema palepale. Desturi ilikuwa inamngoja afungue mdomo.

Mafurushi yakashushwa. Shimo likafunikwa bati, wakazunguka wote watatu.

Eleuterio akaanza. "Mimi nina neno juu ya Nidelvia. Jumapili iliyopita ngozi ilikuwa nyembamba. Nimemaliza."

"Sina neno," akasema Wilberth, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko ile ngozi.

Wakamgeukia Nidelvia. Aliliona koti jeupe limetundikwa kwenye mlimao, safi, limekunjuliwa mikono lisijikunje. Moyoni akasema: hebu kesho watu wote waone. Hebu afukue mwenyewe, mbele ya bakuli zote, aibu imtoke mikononi mwake. Mimi nisiwe mchongezi.

"Sina neno," akasema.

Wakafukia.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani. Wa kwanza, kama kila Jumapili, alikuwa Bibi Fidelia Tzuc, mwenye miaka tisini na moja na meno mawili, amekalia kiti chake alichokuja nacho. Watu walikuwa na tortila zao za mahindi kwenye vitambaa, wengine mikate. Kachumbari ya vitunguu vyekundu na pilipili mbuzi ilikuwa tayari mezani. Wilberth aliondoa udongo, akaondoa bati, akainua furushi la kwanza.

Harufu ilikuwa ya majani ya mgomba, basi. Hakuna kingine kilichokuja.

Akafungua. Nyama ilikuwa ya waridi na damu imegandia pembeni. Akafungua la pili. Ile mifupa ambayo kila Jumapili hutoka yenyewe kama upanga alani, leo ilikuwa imeishikilia nyama kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake sokoni.

Kengele ya misa ikalia, na hakuna aliyegeuka.

Bibi Fidelia akainuka, akachungulia, akabonyeza nyama kwa kidole. "Huyu nguruwe bado anasikia," akasema. "Tuondoke, asije akatusema."

Wachache wakacheka, lakini kicheko hakikufika nyuma. Nidelvia alikuwa ameingoja saa hiyo usiku kucha. Alidhani atafurahi. Alimwangalia mdogo wake amepiga magoti ukingoni, mikono imemning'inia, akaona kwamba hakuna kinachofurahisha. Watu waliosimama pale ndio walioaibika. Mama mmoja alikuwa anaficha bakuli lake chini ya shali kama aliyekuja kuomba.

"Wilberth," akaita. "Mawe ya Babu yako wapi?"

Akajifuta udongo mikononi.

"Nimekuuliza mbele ya watu."

"Hotelini," akasema. "Niliyapeleka Ijumaa. Walitaka mawe ya kweli, yenye historia. Nikaleta mengine hapa, nikayapaka masizi. Nilidhani jiwe ni jiwe."

Manung'uniko yakapanda. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Mawe ya viboko! Umeyarudisha kwa bwana?"

"Na kwa mikono yako mwenyewe!" mwingine akadakia. "Babu yako aliyatoa kwa mtaimbo, wewe umeyarudisha kwa gari!"

Tusidanganyane: nyama ile iliachwa mbichi na mawe mabovu, wala si na mizimu. Lakini mawe mabovu yaliingia shimoni kwa sababu watu wawili walisimama juu yake wakafunga midomo. Nyumba ile kubwa ya bwana ilijengwa kwa midomo ya namna hiyo.

Nidelvia alifunga tena mafurushi, moja moja, bila haraka. Kisha akavua aproni. "Mzee Eleuterio, guta lako lina pumzi?"

"Lina pumzi kuliko mimi."

"Litandike mabati chini. Tunakwenda kuyachukua."

"Na misa je?" mtu akauliza.

"Mungu anajua njia ya hotelini," akasema Bibi Fidelia. "Mimi nitawangoja hapa, na kiti changu."

Wakaenda kama watu thelathini, bila kelele, bakuli mkononi kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuziacha. Guta la Eleuterio lilitangulia likilia kama bata. Langoni alikuwapo mlinzi, Rusel, mzaliwa wa kijijini. Aliangalia umati, akamwona mama yake ndani yake na bakuli lake la bluu.

"Jamani, mna miadi?"

"Fungua, mwanangu, nina njaa," akasema mama yake.

Akafungua.

Shimo la hoteli lilikuwa limejengewa ukingo wa vigae karibu na bwawa. Lilikuwa limekwisha kufunuliwa kwa ajili ya chai ya asubuhi ya wageni. Nyama ilikuwa mezani chini ya miavuli, na harufu yake ilikuwa ileile, harufu ya uani kwa akina Cauich, imepotea njia. Mawe yalikuwa chini yakitoa mvuke. Meneja, mwanamke kijana wa mji mkuu, akaja mbio kwa viatu vya visigino.

"Maestro Wilberth, kuna nini? Hawa ni wageni wako?"

"Ni wenye mawe," Wilberth akasema. Alikuwa amelichukua koti lake kutoka kwenye mlimao, lakini hakulivaa. Akalikunja akalizungusha mikononi kama glovu, akachukua koleo, akateremka shimoni.

"Hapana, ngoja. Mama," meneja akamgeukia Nidelvia, na alikuwa na adabu, kusema kweli. "Haya ni mawe tu. Niambie unataka mawe ya aina gani, kesho nitakuletea lori zima."

"Kama ni mawe tu, binti yangu, lori hilo ulete hapa kwako," Nidelvia akasema. "Mimi niachie haya."

Wageni walikuwa wameacha kula. Mmoja akainua simu apige picha, akaona nyuso za watu wenye bakuli, akaishusha.

Mawe yakatoka, moja baada ya jingine, yakitua kwenye bati kwa sauti nzito ya kitu kizima. Nidelvia aliyajua kwa sura: lile la mgongo wa kobe, lile lililochongoka, yale mawili yanayofanana ambayo mama yake aliyaita pacha. Eleuterio akahesabu kwa sauti. Akafika arobaini, akanyamaza.

"Mnyapara yuko wapi?" Nidelvia akauliza.

Wilberth, jasho likimdondoka shimoni, akaonyesha kwa kidevu.

Jiwe lilikuwa mapokezini. Walikuwa wameliosha, wamelisugua masizi yote, wakaliweka juu ya kaunta na kuchomeka ua jekundu kwenye tundu la pete. Kadi ndogo iliegemezwa mbele yake: Jiwe la Asili. Nidelvia akasimama mbele yake muda mrefu kidogo. Babu yake alimwonyesha siku moja jinsi ya kuingiza kidole kwenye tundu lile na kuhisi upande ambao chuma kililila jiwe, kwa kuvutwa na watu. Alitoa ua, akaliweka kwenye glasi ya maji iliyokuwa karibu, maana ua halikuwa na kosa. Kadi akaiacha palepale. Akalikumbatia jiwe kifuani. Lilikuwa la baridi. Hakuwahi kulijua likiwa la baridi siku ya Jumapili.

Meneja hakumzuia. "Mimi sikuambiwa ni nini," akasema polepole.

"Kwenye tundu hili watu walifungwa wakachapwa. Sasa umeambiwa."

Saa nne kamili walikuwa wamerudi uani. Mawe yaliyokuwa bado na moto yalipangwa upya, Mnyapara katikati, na Wilberth akawasha kuni juu yake, kuni kavu za mti wa katsim ambazo Nidelvia huziweka kwa ajili ya Siku ya Wafu. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Walikula tortila na kachumbari tupu, wakalia pilipili, wakasimuliana habari. Makaa yaliposhuka, mawe yalikuwa mekundu kimyakimya. Hakuna hata moja lililosema pa.

Mafurushi yakashushwa mara ya pili. Wote wakasogea, kwa sababu kila mtu alijua kinachofuata.

Eleuterio akasema, "Mimi sina neno. Neno langu la ngozi nimelifuta."

Wilberth alikuwa bado na lile koti mikononi, jeusi sasa, limeungua mahali pa cheo. Akatazama shimo, si kisima.

"Nina neno juu ya dada yangu," akasema. "Miaka ishirini na mitano nachimba. Napasua kuni, nachota maji, nabeba. Ukifika wakati wa kugawa, mwiko unaushika wewe. Hujawahi hata siku moja kuniambia, shika. Wale kule waliniita Maestro, bingwa, mwezi wa pili tu. Nilijua ni uongo, Dada. Lakini ulikuwa mtamu." Akafuta uso kwa mkono wa koti, akajichafua zaidi. "Na nimekosa juu ya Babu. Hilo halina 'lakini'."

Ikabaki zamu ya Nidelvia, na alijua kwamba angesema "sina neno" watu wote wangemwamini. Angekuwa msafi. Angebaki na mwiko wake na heshima yake, na mdogo wake angebaki mwizi wa mawe mpaka kaburini.

"Jana niliona," akasema.

Wakamgeukia.

"Jiwe lilipopasuka niliona kwamba si letu. Niliona Mnyapara hayupo. Nilijua kabla hatujafukia hata koleo moja. Nikasema sina neno, kwa sababu nilitaka huyu aaibike mbele yenu. Nyama yenu nimeiharibu mimi pia, kwa kunyamaza. Yeye aliiba mawe, mimi niliiba Jumapili."

Ikasikika sauti ya Bibi Fidelia kutoka kwenye kiti chake: "Basi fukieni, wezi nyie, mimi ni mtu wa tisini na moja."

Wakafukia, wakicheka na macho yao yana maji, wakasema ni pilipili.

Saa kumi na moja jioni, saa ambayo haijapata kuliwa kochinita hapo Chunkanul, udongo uliondolewa. Safari hii harufu ilitangulia. Ilipanda kabla ya bati kuinuliwa, ikavuka ukuta, na watu waliokuwa barabarani wakageuza baiskeli zao. Wilberth akafungua furushi la kwanza, na mfupa ukatoka mkononi mwake wenyewe, mweupe, bila kuaga.

Akalisogeza sinia mbele ya dada yake, kama siku zote, akarudi nyuma hatua moja.

Nidelvia alikuwa na mwiko mkononi, ule wa mama yake, wa mti mwekundu, ulioliwa upande mmoja. Akaugeuza, akampa kwa upande wa mpini.

"Shika."

"Dada, mimi sijui kugawa."

"Nani alizaliwa anajua? Anza na bibi."

Kisha akaingia ndani, akachukua bakuli kabatini, akatoka, akaenda mwisho wa foleni. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona foleni ile kwa nyuma: migongo ya watu, visigino, mikono iliyoshika bakuli. Mbele kabisa Bibi Fidelia alikuwa anatafuna, na ua mzima ukimtazama kinywani.

"Imeiva?" Eleuterio akauliza.

"Nina meno mawili," akasema Bibi, "na hayajapata kazi."

Foleni ikasogea. Jua lilikuwa limeinama juu ya ukuta wa mawe Nidelvia alipofika mezani. Wilberth alichota, akasita, akatazama usawa wa mwiko kwa uangalifu wa mtu mgeni kazini, akamwekea.

Nidelvia akaangalia ndani ya bakuli lake.

"Ndiyo hii? Hotelini ndivyo walivyokufundisha?"

"Foleni ni ndefu, Dada. Sogea, wenzako wanangoja."

"Ongeza, wewe."

Akamwongezea.